EPIZODI YA VIPANDE: KATUNI INAPOPASHA MOTO BUKARI YA JANA



Mutu yeyote mwenye kutazama katuni ku televizio amekwisha kuona jambo hili, hata kama hajalipatia jina. Unaikaa, unangojea hadisi mupya ya wale unaowapenda. Muziki ya kuanza inapigwa, jina la seri linaonekana. Kisha, pole pole, unavumbua kama picha hizi ulikwisha kuziona. Kipande kimoja ni cha juma lililopita, kingine ni cha mwezi uliopita. Katikati yao kuko sauti moja inayosema bila kunyamaza. Dakika zinapita, na jambo lipya haliko. Mwisho jina la seri linarudi, na mutoto aliyengojea juma nzima anauliza: “Njo vile tu?”

Hapa tutaita kitu hiki epizodi ya vipande, maana wameishona na epizodi za zamani, sawa vile fundi wa kushona anavyotengeneza kifuniko cha kitanda na vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza yake. Tutafasiria namna kinatengenezwa, sababu gani kinatengenezwa, na juu ya nini sisi wa Kolwezi tunapashwa kukifahamu kuliko watu wa fasi ingine. Mufano wetu utakuwa katuni moja iliyozaliwa mu michezo ya video, juu epizodi yake ya vipande ni ya ajabu kidogo.

1. KATUNI YENYEWE

Jina lake ni Captain N: The Game Master. Ni seri ya Marekani. Kompani ya DIC njo iliitengeneza, na televizio ya NBC iliionyesha siku ya posho asubui, kuanzia tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1989 mpaka mwaka 1991. Yote pamoja ni epizodi 34. Ile herufi N ni ya Nintendo, kompani ya Japani yenye kutengeneza michezo ya video. Nintendo ilianza kuuzisha mashini yake ya kuchezea ku nyumba mu Japani mwaka 1983, na mu Marekani mwaka 1985. Mu mwaka 1989 mashini ile ilikuwa mu nyumba mingi sana za Marekani. Kwa hiyo katuni ilikuwa pia namna ya kuuzisha michezo: mutoto anaona ku televizio, kisha anaenda kuomba baba yake franga.

Hadisi ni hii. Kijana mumoja, jina lake Kevin Keene, anaikaa mu Northridge, mu California. Siku moja anavutwa ndani ya televizio yake, yeye pamoja na imbwa yake Duke. Anaanguka mu inchi inayoitwa Videoland, fasi michezo yote inaikaa sawa vile mataifa mbalimbali. Binti mufalme Lana anatawala kule, lakini adui anataka kumunyanganya inchi. Adui ule ni Mother Brain, maana yake Mama Ubongo: ni ubongo mukubwa ndani ya chupa, bila mikono wala miguu. Sauti yake ilikuwa ya Levi Stubbs, mwimbaji wa kundi la Four Tops. Kevin anabeba bunduki ya kuchezea, na ku mukaba wake kuko kifaa cha kuongoza muchezo. Akibonyeza pale, saa inasimama kwa wengine wote.

Angalia vizuri wenzake wanatoka wapi. Simon Belmont anatoka mu muchezo Castlevania. Mega Man anatoka mu muchezo wenye jina lake. Kid Icarus amepata jina la muchezo wake, hata kama mu muchezo kijana yule anaitwa Pit. Mother Brain anatoka mu Metroid. King Hippo, mutumishi wake munene, anatoka mu Punch-Out!!, muchezo wa kupigana ngumi. Kila mumoja ameondolewa mu hadisi yake na kutiwa mu hadisi ya wengine. Tena hawakuchunga kila kitu: mu muchezo Mega Man ni wa bleu, mu katuni amekuwa wa majani. Na Samus, yule mwanamuke mwenye kupigana na Mother Brain mu muchezo Metroid wa mwaka 1986, mu katuni haonekane hata siku moja. Walitwaa adui, wakaacha shujaa.

Basi tangu mwanzo katuni hii ni kitu kilichoshonwa na vipande vya wengine. Wakati inafanya epizodi ya vipande, ni vipande vya vipande.

2. EPIZODI YA AJABU

Epizodi tunayosemea inaitwa When Mother Brain Rules. Kwa Kiswahili tungesema: Wakati Mama Ubongo anatawala. Jina ni kubwa, na mutu anazani ataona vita mukubwa ambamo adui anashinda na kukamata kiti cha ufalme. Lakini hakuna vita mupya. Ni picha za epizodi zilizotangulia, na juu yao sauti ya Kevin anayefasiria Videoland ni nini, yeye alifika namna gani, rafiki zake ni wanani, na adui ni nani.

Ajabu yake iko wapi? Epizodi mingi za vipande zinatafuta kwanza kisingizio. Mutu mumoja anagonjwa, na mu ndoto anaona mambo ya zamani. Ao watu wanafungwa ndani ya chumba na, mbele ya kutoka, wanahadisiana: “Unakumbuka siku ile?” Ao muzee anafungua kitabu cha picha. Kisingizio kile ni sawa mulango: mutazamaji anapita pale na kuingia mu mambo ya zamani bila kushangaa. Hapa mulango hauko. Hakuna anayelala, hakuna anayekumbuka, hakuna anayeuliza. Sauti inasema, picha zinapita, na mwisho inafika. Inafanana na tangazo refu la seri kuliko hadisi ya seri.

Tuweke pembeni yake mifano miwili ya watu waliojenga mulango.

Wa kwanza ni wa zamani sana. Studio ya wandugu Fleischer, mu Marekani, ilikuwa inatengeneza katuni za Popeye, ule baharia mwenye kula mboga ya épinards na kupata nguvu. Mwaka 1939 walitoa katuni fupi, jina lake Customers Wanted. Popeye na adui yake Bluto wako na nyumba ya mashini za kuchezea, fasi mutu anatia kipande cha feza na kuchungulia mu tundu ili aone picha zinazotembea. Wimpy anapita, na kila mumoja anamuvuta: “Kuja kwangu! Kuja kwangu!” Mu mashini anaona picha za katuni za Popeye za mbele. Vipande ni vya zamani, lakini ugomvi wa kuvutana mukliyenti ni mupya, na njo unaochekesha. Yani miaka 50 mbele ya Captain N, watu walikwisha kutumia mashini za kuchezea ili wapashe katuni za jana moto. Walifanya kwa akili.

Wa pili ni wa mwaka ule ule wa Captain N, lakini haiko katuni. Ni Star Trek: The Next Generation, hadisi ya watu wanaosafiri kati ya nyota. Epizodi yake Shades of Gray ilionyeshwa tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka 1989. Mukubwa mumoja wa chombo, Riker, anapata mugonjwa ku ubongo wake, na munganga anamwamusha ukumbusho wa zamani ili mugonjwa ufe. Wapenzi wa seri hawakuipenda hata kidogo, na mpaka leo wanaihesabia kati ya mbaya kabisa. Lakini hata kama ni mbaya, kuko sababu ya kukumbuka: asipokumbuka, atakufa.

3. SABABU GANI WANAFANYA VILE?

Wengi wanasema ni uvivu. Haiko uvivu tu. Tufanye hesabu, sawa vile mwalimu anavyotaka.

Mu filimu, kila segonde inahitaji picha 24. Epizodi ya katuni ya Marekani inajaza nusu ya saa, lakini tukiondoa matangazo inabaki karibu dakika 22. Dakika 22 ni segonde 1320. Mara 24, ni picha 31 680. Wachoraji wanapunguza kazi: muchoro mumoja unapigwa picha mara mbili. Ni michoro 15 840 inayobaki. Tena wanatumia hila ingine: mutu anasimama kimya na kinywa tu kinatembea, ao nyumba na miti ya nyuma inarudi mara mingi. Lakini hata na hila zote, inabaki maelfu ya michoro kwa epizodi moja. Mu miaka ile, mbele ya ordinateri, ao kompyuta kama wanavyoita Watanzania, kila muchoro ulipitishwa ku karatasi ya plastiki inayoangaza, ukatiwa rangi kwa mukono, kisha ukapigwa picha. Kompani za Marekani zilikuwa zinatuma sehemu kubwa ya kazi ile mu Korea ya Kusini, mu Japani na mu Taiwan, fasi mushahara wa muchoraji ulikuwa mudogo.

Sasa sababu ya kwanza inaonekana: feza. Epizodi ya vipande haina muchoraji wa kulipa, ao ana kazi ya siku chache tu. Inahitaji mutu wa kukata na kuunga filimu, mutu wa kuandika maneno, na sauti moja mu studio.

Sababu ya pili ni wakati. Televizio haingojee. Saa ya kuonyesha ikifika, lazima kitu kitoke. Shades of Gray ilizaliwa vile: mwaka 1988 waandishi wa filimu wa Marekani waligoma tangu mwezi wa 3 mpaka mwezi wa 8, kazi ikachelewa, feza ikapungua, na mwisho wa mwaka wakatengeneza epizodi yenye kupigwa picha kwa siku tatu tu.

Sababu ya tatu ni hesabu ya epizodi. Mu Marekani, seri iliyokwisha kuonyeshwa ilikuwa inauzishwa tena kwa televizio za miji mbalimbali, na hizo zilipenda kuionyesha kila siku ya kazi. Siku 5 mara majuma 13 ni 65, na kwa hiyo seri mingi zilitafuta kufika epizodi 65. Mwenye kuwa na chache, kila moja inayoongezeka bila gharama ni faida kwake.

Sababu ya ine ni ya kusaidia mutazamaji. Mutoto aliyeanza kutazama katikati hajui Kevin alitoka wapi. Mu miaka ya 1989 hakukuwa namna ya kubonyeza na kurudilia epizodi ya kwanza. Asipokuwa na kaseti, imepita. Epizodi ya kumukumbusha ilikuwa sawa ukurasa wa “mambo yaliyopita” mu kitabu cha hadisi. Sababu hii ni ya haki, na inafaa kabisa epizodi yetu, juu Kevin anafasiria kila kitu tangu mwanzo.

4. MABAKI YA KINGAMYAMBO

Msomaji wa Kolwezi anaweza kufahamu jambo hili bila televizio. Aende tu kutazama Kingamyambo.

Tangu miaka ya 1950, mashini za Kolwezi zilikuwa zinaponda majiwe na kuyaosha ili kutosha shaba na kobalti. Udongo uliobaki ulitupwa Kingamyambo na mu bonde la muto Musonoi. Uliongezeka mwaka kwa mwaka, mbele ya Gécamines na wakati wa Gécamines, mpaka kupita tani milioni 100. Macho yanaona uchafu tu. Lakini wenye kupima waliona kama shaba na kobalti vimebaki ndani, juu mashini za zamani hazikuweza kuvitosha vyote. Kompani ya Metalkol ilijenga pale kiwanda cha kuosha mabaki yale mara ya pili, na tangu mwaka 2018 kinatoa shaba na kobalti.

Basi, kutumia mabaki haiko haya. Mama anayekaanga bukari ya jana kwa watoto asubui haibe mutu. Fundi anayeshona vipande vya kitenge hadanganye mutu. Lakini kuko sharti moja. Kule Kingamyambo hawakukamata udongo ule ule na kuumwanga pembeni, kisha wakasema: “Tazameni, shaba mupya!” Waliupitisha mu kazi mupya, na kazi ile ikatosha kitu ambacho ya kwanza haikutosha.

Njo kipimo cha epizodi ya vipande. Ikiweka vipande viwili pamoja na ghafla unaona jambo ambalo hukuliona vilipokuwa mbali, imeosha mabaki. Kwa mufano, kama ingetuonyesha mara zote Kevin alipokosa, moja nyuma ya ingine, tungefahamu kama shujaa wetu ana tabia moja inayomuangusha. Hiyo ni hadisi mupya bila muchoro mupya. Customers Wanted iliosha, juu Popeye na Bluto wanageuka wauzishaji wa sifa zao wenyewe. When Mother Brain Rules ilichukua udongo na kuumwanga pembeni. Mutoto ambaye hajaona kitu anapata faida. Mutoto aliyengojea juma nzima anapata vumbi.

Tena kuko ajabu ingine. Muchezo wa video wenyewe ni kitu cha kurudilia. Ukikufa unaanza pale pale, shimo ni lile lile, adui anatokea fasi ile ile. Hakuna mutoto anayenungunika, juu mara hii mukono wake umejifunza. Kurudilia ni kwake. Mu epizodi ya vipande anarudilia bila kifaa mu mukono: Kevin ataruka vile aliruka, ataanguka vile alianguka. Katuni iliyozaliwa mu muchezo imetwaa kurudilia kwa muchezo, ikaacha ule mukono unaokupatia maana.

5. PICHA ILE ILE, SAUTI INGINE

Sasa tunafika ku jambo lenye uzito kuliko katuni.

Kipande cha filimu hakiseme chenyewe. Kata picha ya mutu anayekimbia. Sauti ikisema “anakimbia polisi,” unaona mwizi. Sauti ikisema “anakimbilia mutoto wake,” unaona baba. Picha haikugeuka hata kidogo. Kwa hiyo mu epizodi ya vipande mutawala wa kweli si Mother Brain, si Lana. Ni wawili: mwenye kukata na mwenye kusema. Mwenye kukata anachagua nini kitaonekana na nini kitabaki inje. Mwenye kusema anatuambia tufahamu nini.

Wazazi wetu wanajua hiyo. Mu miaka ya Télé-Zaïre, mbele ya habari za magaribi, kipande kimoja kilikuwa kinarudi kila siku: sura ya Mobutu inashuka polepole kutoka mu mawingu. Kilikuwa kipande kimoja tu, lakini kwa kurudilia miaka na miaka kilikuwa kinafundisha watoto wadogo kama mutawala anatoka juu. Hakuna aliyehitaji kukisema kwa maneno.

Na muji wetu wenyewe umegeuzwa epizodi ya vipande. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978, waaskari wa FNLC, wenye kutoka Angola, waliingia mu Kolwezi. Tarehe 19 waaskari wa parasuti wa Ufaransa waliruka juu ya muji, kisha wa Ubelgiji wakafika. Watu mingi walikufa, Wakongomani na Wazungu. Mwaka 1980 filimu moja ya Ufaransa ikatoka, La légion saute sur Kolwezi, ya Raoul Coutard. Waliipigia picha mu Guyane ya Ufaransa, mu Amerika ya Kusini. Mwenye kuitazama anaona njia na miti inayoitwa Kolwezi, na haiko Kolwezi. Hadisi yake inafuata zaidi waaskari wanaoruka na Wazungu wanaowangojea. Mama wa Manika aliyejificha na watoto siku zile, jirani aliyezika jirani yake, mufanyakazi ambaye hakujua kama kazi itafunguliwa tena: hao wamebaki inje ya makasi.

Leo inaendelea kwa namna ingine. Kongo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, na sehemu kubwa inatoka mu Lualaba. Inaingia mu betri za motokari, za telefone, na pia za mashini ndogo za kuchezea michezo ya video. Wageni wanakuja kupiga filimu. Mara mingi wanatuonyesha vitu vile vile: shimo, vumbi, mutoto na gunia. Vitu hivi viko, na ni vibaya kuvificha. Lakini vikikatwa na kuungwa bila kingine, mutazamaji wa Ulaya anazani Kolwezi haina masomo, haina soko, haina arusi, haina mwanafunzi anayepiga hesabu ya michoro 15 840. Samus ameondolewa tena mu hadisi: wameonyesha taabu, wakaacha mwenye kupigana nayo.

Juu ya hiyo haifai kucheka tu epizodi ya Kevin. Ni kitu kidogo kinachotufundisha kutazama kitu kikubwa.

6. NAMNA YA KUTAZAMA

Wakati unaona filimu yoyote yenye vipande vya zamani, iwe katuni, iwe habari, iwe video fupi mu telefone ya ndugu yako, jiulize mambo ine:

(a) Kipande hiki kilitoka wapi, na mwaka gani? Picha ya vita ya zamani inaweza kuwekwa leo na kusemwa ni ya jana.

(b) Nini kilikuwa mbele yake na nini kilifuata? Makasi yanakata pande mbili.

(c) Sauti ni ya nani? Anapata faida gani mimi nikimuamini?

(d) Kazi mupya iko wapi? Vipande hivi vimeoshwa, ao vimemwangwa pembeni tu?

Na sisi wenyewe tunapoandika insha, kanuni ni ile ile. Mwanafunzi anaweza kutumia mawazo aliyoandika mu kalasa ya tatu anapofika kalasa ya ine. Lakini asiyabandike vile yalivyokuwa na kungojea mwalimu ashangae. Mwalimu alikwisha kuona epizodi ile.

KAZI YA KUFANYA MU KALASA

Tafuteni picha ine za zamani za jamaa ao za kartiye yenu. Zipangeni mu musitari. Kundi la kwanza liandike maneno ya kuzihadisia. Kundi la pili, bila kusikia ya kwanza, liandike maneno yake ku picha zile zile ine. Kisha someni yote mawili kwa sauti, na mwite muzee mumoja aliyekuwako picha zilipopigwa. Mumuulize: ni kundi gani lilisema kweli, na nani hakuonekana mu picha lakini alikuwako?